ALIYECHORA MILIMA YA KWAO

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Ni methali njema, na mara nyingi imethibitika kuwa kweli. Lakini methali nayo haina budi ipimwe kwa maisha ya watu, kwani wako waliocheza kwao kwa ustadi usio na mfano, na tuzo waliyopewa ikawa risasi. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mmoja wao. Jina lake ni Grigory Choros-Gurkin, mwana wa Altai, mchoraji wa milima. Alizaliwa mwaka 1870 na akauawa mwaka 1937. Na katika miaka hiyo 67 hakuna kitu alichokipenda kuliko nchi iliyomzaa.

Huenda msomaji akauliza: mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini, ambaye mawazo yake ni mshahara, karo za watoto na bei ya unga, ana haja gani na mtu wa mbali aliyekaa akichora theluji? Swali hili ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tunaomba tu uvumilivu wa msomaji tumweleze kwanza mtu huyu alitoka wapi na alifanya nini, ndipo tutoe jibu.

Altai ni nchi ya milima iliyo kusini mwa Siberia, karibu na mahali zinapokaribiana Urusi, Mongolia, China na Kazakhstan. Mlima wake mkuu ni Belukha, wenye vilele viwili visivyoishiwa theluji, na kimo chake chapita mita 4,500. Katika barafu za mlima huo huzaliwa mto Katun, maana yake Bibi Mkubwa, nao huteremka kwa kishindo katika makorongo kwa kilomita karibu 700, maji yake ya rangi ya maziwa na majani mabichi, mpaka ukutane na mto Biya karibu na mji wa Biysk. Hapo ndipo unapoanza mto Ob, mmoja wa mito mikubwa ya dunia.

Wenyeji wa nchi hiyo ni Waaltai, watu wenye lugha ya jamaa ya Kituruki, wafugaji wa farasi, kondoo na ng'ombe, na wawindaji hodari. Kwao mlima si rundo la mawe. Mlima una mwenyewe. Mto una mwenyewe. Na Altai yote, kwa jumla, ina bwana wake asiyeonekana ambaye hutajwa kwa heshima kama atajwavyo mzee wa ukoo. Msafiri afikapo juu ya kipito cha mlima hushuka farasini, akafunga utepe wa kitambaa kwenye tawi la mti, akashukuru, ndipo aendelee na safari yake. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, maana asiyelijua hawezi kuzielewa picha za Gurkin.

Alizaliwa katika kijiji cha Ulala, ambacho leo ni mji wa Gorno-Altaysk. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, mtu wa ukoo wa Choros. Jina Gurkin ni la Kirusi. Jina Choros ni la ukoo. Baadaye mchoraji aliyaunganisha majina hayo mawili akajiita Choros-Gurkin, na nadhiri yake yote imo katika kiungo hicho kidogo: kwamba alichojifunza kwa wageni asingekitupa, na alichorithi kwa wazazi asingekiuza.

Ulala kilikuwa kituo cha misheni ya Kanisa la Orthodox, iliyoanza kazi yake katika Altai karibu na mwaka 1830. Kijana Gurkin alisomea shule ya misheni, na humo akafundishwa kuchora picha takatifu za kanisani. Sisi tuliopita katika shule za namna hiyo twaijua neema yake na twaijua kasoro yake. Neema yake ni kwamba mtoto wa fundi hupewa kalamu, rangi na nidhamu ya kazi. Kasoro yake ni kwamba huonyeshwa uzuri wa kila mahali isipokuwa wa kwao. Mchoraji wa picha takatifu hufuata kanuni zilizowekwa zamani: uso wa mtakatifu huwa hivi, mkono wake huwa hivi, na nyuma yake ni dhahabu. Gurkin aliishika kazi hiyo hata akaifanya kuwa riziki yake mjini Biysk. Lakini nje ya dirisha ilikuwako milima, na hakuna kanuni iliyomruhusu kuitia katika picha.

Mtu aliyemtia moyo aondoke ni Andrei Anokhin, mwanamuziki ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kukusanya nyimbo na mila za Waaltai. Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 27, Gurkin alikwenda St Petersburg, safari ya maelfu ya kilomita, kutafuta nafasi katika Chuo cha Sanaa. Hakupokewa. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, na umri wake ulikuwa umekwisha kusogea. Mtu mwingine angalirudi nyumbani akiwa na uchungu moyoni, akaendelea na picha zake za kanisani. Yeye alibisha hodi kwa Ivan Shishkin.

Shishkin alikuwa bingwa wa Urusi katika kuchora misitu. Kila tawi katika picha zake lina jina lake, na kila gome la mti lina makunyanzi yake, kwa kuwa mzee huyo aliamini kwamba asiyeujua mti hana haki ya kuuchora. Alimkubali Mwaltai huyu katika chumba chake cha kazi akamfundisha kama mwanawe. Mafunzo hayo hayakudumu. Siku moja ya mwezi Machi mwaka 1898 mwalimu alikuwa ameketi mbele ya turubai na mwanafunzi akifanya kazi katika chumba hicho hicho. Mara kichwa cha mzee kikainama, na uhai ukamtoka pale pale alipoketi. Gurkin alishuhudia kwa macho yake mtu akifa kazini, chombo chake kikiwa karibu naye. Baadaye alipata kuhudhuria Chuo cha Sanaa kama msikilizaji, katika darasa la mandhari la mwalimu Kiselyov. Lakini twaona kwamba somo kubwa alikwisha kulipata siku ile ya Machi.

Sasa tumefika kwenye njia panda. Kijana wa kijijini aliyekwisha kuonja mji mkuu, aliyejuana na mabingwa, angeweza kubaki huko. Wangapi hubaki! Gurkin alirudi. Alijenga nyumba na chumba cha kazi katika kijiji cha Anos, kando ya mto Katun, mahali ambapo mtu akifungua mlango husikia maji na akiinua macho huona miamba. Toka hapo alipanda farasi akazunguka mabonde na vipito vya nchi yake, akichora kwa penseli na kwa rangi, msimu hata msimu.

Wala hakuchora milima peke yake. Makaratasi yake yamejaa vitu vya watu wa kwao: nyumba za magogo zenye pembe sita, mahema, matandiko ya farasi, vyombo vya maziwa, mavazi, nakshi, ngoma za waganga. Twaweza kusema kwamba mtu huyu aliweka daftari la hesabu za taifa lake. Wakati ambapo maofisa waliandika idadi ya kodi na idadi ya eka, yeye aliandika, kwa mstari wa penseli, namna wanawake walivyoshona na namna wazee walivyokaa motoni.

Picha yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni "Khan Altai", yaani Mfalme Altai, aliyoichora mwaka 1907, na ambayo sasa imo katika makumbusho ya sanaa ya mji wa Tomsk. Mtazamaji huwekwa juu kabisa, kama aliyesimama ukingoni mwa mwamba. Mbele yake ni mawe na mti wa mwerezi uliopigwa na upepo; chini ni korongo lenye giza na mawingu; ng'ambo ni safu juu ya safu za milima, mpaka mwisho wa macho. Katika anga hilo yumo tai akielea. Hamna mtu hata mmoja, na hamna haja ya mtu, kwani mtu ndiye mlima wenyewe. Ndiyo maana hakuiita picha hiyo "Mandhari ya Altai" kama ambavyo mgeni angeiita. Aliipa jina la mtawala. Gurkin aliikopa sanaa ya Shishkin, ile ya kuhesabu kila tawi, akaitumia kusema jambo ambalo Shishkin hakulijua: kwamba nchi hii ina mwenyewe.

Mwaka 1910 alichora "Ziwa la Mizimu ya Mlimani": maji baridi ya rangi ya samawati na kijani, yaliyozungukwa na theluji, kimya kama pumzi iliyozuiwa. Mwaka huo huo alichora pia "Taji la Katun", ambamo kilele cheupe cha Belukha kimekaa juu ya chimbuko la mto kama taji juu ya kichwa cha bibi. Maonyesho yake mjini Tomsk, kuanzia lile la kwanza lililofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1907, yalivuta watu wengi. Mzee Grigory Potanin, msafiri na mtaalamu mkubwa wa Siberia, alikuwa rafiki yake na mtetezi wake. Kwa mara ya kwanza wakazi wa miji ya Siberia waliiona nchi iliyo jirani yao kwa macho ya mwenyeji.

Hapa sasa twarudi kwenye swali la msomaji. Picha ya mlima ina faida gani kwa mtu wa kazi?

Tutazame mambo yalivyokuwa katika Altai miaka ile. Ardhi ilikuwa ikipimwa na kugawanywa. Walowezi waliletwa kwa makundi kutoka sehemu nyingine za Urusi, na wafugaji walizidi kusukumwa kutoka mabondeni kwenda kwenye malisho mabaya. Mwaka 1904 Waaltai walikusanyika katika bonde la Tereng kusali kwa imani yao mpya, wakiongozwa na mchungaji mifugo aliyeitwa Chet Chelpan. Maofisa na walowezi waliwavamia, wakawapiga, wakawakamata viongozi. Mahakama iliwaachilia mwaka 1906, baada ya kukaa kifungoni karibu miaka miwili. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi sana kwa mtu mwenye ramani kusema: nchi hii ni tupu, wenyewe ni watu wa porini, wala hakuna kitakachopotea.

Mtu anayetaka kuchukua nchi huanza kwa kusema kwamba haina mtu. Na picha iitwayo "Khan Altai", ikitundikwa mwaka mmoja tu baada ya hukumu ile katika ukumbi wa mji mkubwa mbele ya wasomi na mabwana, ilikuwa jibu kwa maneno hayo. Gurkin hakupiga kelele. Aliweka mbele yao nchi iliyojaa utukufu, akatia sahihi chini yake. Hiyo ndiyo faida, ndugu msomaji. Fundi hutengeneza meza ili watu wale chakula; mchoraji huyu alitengeneza ushahidi, ili watu wa kwao wasiambiwe kwamba hawakuwako.

Wala hakusema kwamba kazi yake imeishia kwenye brashi. Dola ya Kaisari wa Urusi ilipoanguka mwaka 1917, Waaltai walikutana kutafuta namna ya kujitawala ndani ya Urusi mpya, na waliyemchagua kuwaongoza ni mchoraji wao. Mwaka 1918 aliongoza halmashauri ya wilaya ya Karakorum-Altai. Hakuwa mwanasiasa wa kuzaliwa, na nyakati zile zingemshinda hata mwanasiasa wa kuzaliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipita juu ya milima kama moto wa nyika. Utawala wa Jemadari Kolchak, uliokuwa ukipigana na Wabolsheviki, ulimshuku kwamba ataka kuivunja Urusi, ukamtia gerezani, kisha aliachiliwa. Wabolsheviki walipokuwa wakishinda naye akaona kwamba hana salama upande wowote, alivuka mpaka akaingia Mongolia, na toka huko akaenda Tuva.

Alikaa ugenini mpaka mwaka 1925. Hakukaa bure: aliwachora Wamongolia na Watuva, nyumba zao, vyombo vyao na nyika zao, kwa uangalifu ule ule. Lakini aliandika pia maneno ya huzuni, kilio cha Mwaltai aliye mbali na kwao, akiita milima na mito kwa majina kama mtu aitavyo jamaa waliotengana naye. Aliyekwisha kuishi ugenini hahitaji kuelezwa.

Serikali ya Kisovyeti ilimruhusu kurudi, naye akarudi. Hili ndilo tendo linalotushika moyo kuliko yote. Alijua nchi imebadilika. Alijua kwamba jina lake limeandikwa katika vitabu vya watu wenye kumbukumbu ndefu. Hata hivyo alirudi kwenye nyumba yake, akafundisha vijana kuchora, akachora picha za vitabu vya lugha ya Kialtai, na akaanza tena kupanda milimani. Katika miaka hiyo alichora pia nyakati mpya, maana hakuwa adui wa nyakati mpya. Lakini milima iliendelea kuwa mbele.

Mwaka 1934 alikamatwa kwa mara ya kwanza na utawala huo, kisha akaachiliwa. Mwaka 1937 alikamatwa tena. Ulikuwa mwaka wa hofu kuu katika nchi yote, mwaka ambao mamia ya maelfu ya watu walihukumiwa na kamati za siri, bila wakili na bila shahidi. Mzee huyu wa miaka 67 alishitakiwa kwamba ni mzalendo wa kikabila, adui wa mapinduzi, na mpelelezi wa Japani. Tarehe 11 Oktoba mwaka 1937 alipigwa risasi.

Tuitazame shitaka hiyo kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna jambo linalogusa kila nchi yenye makabila mengi na serikali moja. Kolchak alimfunga kwa kosa la kuipenda Altai kupita kiasi. Maadui wa Kolchak wakamwua kwa kosa lile lile. Watu wawili waliochukiana hata wakamwaga damu ya mamilioni walipatana katika neno hili moja: kwamba mtu akiipenda sana sehemu aliyozaliwa, hawezi kuwa mwaminifu kwa nchi nzima.

Sisi twasema kwamba neno hilo ni la uongo. Hatusemi kwamba hakuna hatari katika ukabila. Hatari iko, na watu wamekufa kwa ajili yake. Mkabila humpima mwenzake kwa damu, na furaha yake ni kumwona jirani amekosa. Lakini Gurkin alimdharau nani? Alijifunza kwa Mrusi, akamheshimu mwalimu wake hata mwisho. Alizionyesha kazi zake mbele ya Warusi. Alipokimbilia kwa Wamongolia na Watuva aliwachora kwa heshima ile ile aliyowachora watu wa kwao. Mapenzi yake kwa mlima mmoja yalimfundisha kuheshimu kila mlima. Asiyependa kwao atapendaje kwa mwenzake? Nchi kubwa isiyoweza kuvumilia mapenzi ya namna hiyo imejipunguza yenyewe, hata kama ramani yake ni pana.

Na sasa tuangalie mwisho wa mambo. Mwaka 1956 serikali ile ile ilitamka kwamba marehemu hakuwa na hatia. Tamko halimrudishi mtu. Lakini hata kabla ya tamko hilo, picha zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake kimyakimya. Katika miaka ya vita kuu ya pili, mwandishi Ivan Efremov, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa elimu ya miamba, alitunga hadithi juu ya ziwa la mizimu la Altai, na ndani yake akamtia mchoraji Choros-Gurkin kwa jina lililogeuzwa kidogo, Chorosov. Katika hadithi hiyo rangi za picha ndizo zinazomfumbulia mtaalamu siri ya ziwa, kwamba lina zebaki. Ni hadithi ya kubuni. Lakini fikiri ushujaa wake, kumkumbusha msomaji mtu aliyeuawa kama adui wa umma, na kumpa sifa kwamba macho yake hayakusema uongo!

Dola iliyompiga risasi ilivunjika mwaka 1991. Altai leo ni jamhuri ndani ya Shirikisho la Urusi. Katika mji aliozaliwa, makumbusho ya taifa, yenye jina la rafiki yake Anokhin, yamehifadhi sehemu kubwa ya kazi zake. Na pale Anos, kando ya Katun, nyumba yake imefanywa makumbusho. Mwaka 1998 shirika la UNESCO liliitia milima ya Altai, pamoja na Belukha, katika orodha ya urithi wa dunia. Neno alilolisema Gurkin kwa rangi mwaka 1907, kwamba hapa pana kitu kikubwa chenye kustahili heshima, dunia ililiandika kwa wino miaka 91 baadaye.

Basi tumalizie pale tulipoanza. Mcheza kwao hutunzwa. Methali haikusema lini, wala haikusema kwamba mchezaji atakuwa hai kuipokea tuzo yake. Kwa hiyo deni hili hubaki kwa wanaosalia. Katika kila wilaya yuko mtu anayeimba, anayechonga, anayeandika majina ya kale ya mito, na majirani humwona kuwa mtu asiye na kazi. Tusingoje miaka 91. Twende tukamwone angali hai, tuketi naye, tumwulize jina la mlima ule ulio nyuma ya nyumba yake.